Chokaa ya Shangazi

Shangazi yangu alipiga chapa barua za ofisi ya ardhi kwa miaka ishirini na miwili bila kumiliki hata pahali pa kupanda kitunguu. Alipostaafu akachukua kiinua mgongo chake chote, akanunua shamba ambalo hakuna aliyelitaka: kilima kilichokwanguliwa na mvua, udongo mgumu, nyasi moja hapa na nyingine kule kama zilizonuniana. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, alimwambia amenunua ukuta uliolala chini. Shangazi akaenda kununua waya. Kubishana si tabia yake; tabia yake ni kukuonyesha kwamba umekosea, hata ikimchukua miaka.

Ilimchukua mitano. Alikigawa kilima vipande kumi na viwili kwa waya, akawa anawahamisha ng'ombe wake wa nyama kila baada ya siku tatu ili nyasi zipate kupumzika. Mavi aliyaacha pale pale yalipoanguka, wadudu wakayazika wenyewe. Kila Jumapili alichimba shimo moja kwa jembe, akahesabu nyungunyungu na kuandika idadi yao kwenye daftari la shule. Mgeni akifika alionyeshwa shimo kwanza, chai baadaye. Nimemwona kwa macho yangu akinusa bonge la udongo huku amefumba macho, na nikaona haya kumsemesha.

Mimi nauza dawa za mifugo mjini, kwa hiyo tulikuwa na ugomvi wetu mdogo wa kudumu. Kila nikienda kumtembelea nilimbebea mfuko wa chumvi ya madini, ile ya kijivu iliyochanganywa na shaba, zinki na vinginevyo, ambayo ng'ombe huilamba kwenye kihori. Kila nikiondoka alinirudishia.

"Hiyo wauzie wenye udongo mbovu," alisema. "Wangu wanapata kila kitu kwenye majani. Chumvi nyeupe ya kawaida inawatosha."

"Shangazi, jaribu mfuko mmoja tu."

"Unatafuta wateja mpaka kwa ndugu zako? Huna haya wewe!"

Kitu kimoja tu alikubali kununua kwangu, nacho ni chokaa. Bwana shamba alipima udongo akakuta una uchachu mwingi, akamwambia amwage chokaa mara moja, kisha apime tena baada ya miaka miwili. Shangazi akamwaga. Majani yakachangamka, yale ya jamii ya kunde yakatambaa mpaka kwenye waya. Basi mwaka uliofuata akamwaga tena, na mwaka wa tatu tena, bila kupima, kama mama anayemwongezea mtoto uji kwa sababu tu amemaliza bakuli. Na mimi nilimuuzia. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana nimejificha nyuma yake.

Sasa Baba. Baba ni dereva wa lori, na wenzake wanamwita Breki kwa uangalifu wake barabarani. Hasira zake hazina breki hata moja. Kabla ya kwenda kufanya kazi mbali kwa mwaka mmoja na nusu, alimwachia dada yake mtamba mweusi tii, ng'ombe wa kwanza na wa pekee aliyewahi kumnunua maishani. Picha yake aliitembeza kwenye simu kuliko picha zetu sisi watoto. Shangazi alitaka kumtia hereni ya namba sikioni, Baba akakataa katakata.

"Mweusi kama huyu anahitaji alama ya nini?" alisema.

Aliporudi hakunawa hata vumbi la safari. Tulikwenda naye moja kwa moja hadi kipande cha saba, Shangazi akamwonyesha kwa kidole. Mtamba aliyekuwa pale alikuwa wa rangi ya kutu, na kuzunguka macho manyoya yalikuwa yamepauka kama aliyevaa miwani.

"Wangu yuko wapi?" Baba aliuliza.

"Ndiye huyo."

"Dada, mimi niliacha mweusi."

"Najua ulichoacha. Amebadilika. Na weusi wangu wawili wamebadilika vivyo hivyo, nenda kawaangalie."

"Ng'ombe habadilishi rangi kama anayebadilisha shati! Wangu umemuuza, ukanitafutia huyu mchakavu ukidhani nimesahau. Umenifanya mtoto."

Aliyasema hayo kwa sauti, majirani wakiwa ng'ambo ya waya. Haikupita wiki, wateja wakaanza kuniuliza dukani, wakiinamisha vichwa kana kwamba kuna msiba. Iliniuma sana. Watu wa wilaya nzima walikuwa wamepitisha hati zao za viwanja mikononi mwa yule mama, na hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Wa kwanza kumwita hivyo alikuwa mdogo wake, ambaye yeye alimbeba mgongoni utotoni. Na Shangazi hakuwa na la kujitetea, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua ng'ombe walikuwa na nini. Baba akawa hakanyagi kwake. Jina la dada yake likitajwa, anaongeza sauti ya redio.

Niliwakasirikia wote wawili, nikampeleka daktari wa mifugo shambani. Alitoa damu ng'ombe watano, akakata majani, akachota udongo. Majibu yalipotoka alikuja nayo mwenyewe, tukakaa kwenye meza ya jikoni.

"Shaba iko chini sana kwenye damu," alisema. "Ng'ombe mweusi akikosa shaba hugeuka rangi hivi hivi. Mpeni chumvi ya madini yenye shaba, kwa kipimo nitakachoandika, na kondoo wa jirani wasiikaribie maana kwao ni sumu. Manyoya mapya yataota meusi."

Niliruka kwenye kiti. "Umesafika, Shangazi! Twende na karatasi hii kwa Baba sasa hivi."

Shangazi hakunitazama. "Kwa nini shaba imepungua?" alimuuliza daktari. "Kwenye udongo wangu huu?"

Daktari alikuna shingo. Akasema udongo wake ni mzuri, nyungunyungu wale hawasemi uongo, ila mwamba wa kilima kile tangu mwanzo haukuwa na shaba ya kutosha. Halafu chokaa ilipozidi, madini mengine yanayoitwa molibdeni yaliyokuwa yamelala udongoni yakaamka, yakaingia kwenye majani, na tumboni mwa ng'ombe yakawa yanaizuia hata ile shaba kidogo iliyopo.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Shangazi.

"Ni chokaa, mama."

"Chokaa haina miguu."

Daktari alipoondoka nilimshauri kama mfanyabiashara. Nilimwambia tumweleze Baba kwamba shaba ilipungua, basi, yaishe. Habari za chokaa zinamhusu nini? Shangazi alinikazia macho mpaka nikaanza kukusanya vikombe.

"Nimepiga chapa barua za watu miaka yote ile," alisema. "Sikuwahi kuruka mstari."

Jumamosi tukaenda. Baba alikuwa kwenye kochi, redio inaongea peke yake. Hakutukaribisha. Shangazi alisimama karibu na mlango, pochi ameishika kwa mikono miwili, na nilimwonea huruma ambayo sijawahi kumwonea mtu.

"Nimekuja kukuambia kwamba nimemuumiza ng'ombe wako," alisema. "Sikumuuza. Lakini nilimwaga chokaa mara tatu bila kupima, na mwanao huyu aliponiletea madini nikamfukuza. Mtamba wako amekaa zaidi ya mwaka akikosa shaba, na majani yamemjaa mbele ya pua. Angeweza hata kukosa kuzaa. Kosa ni langu."

Niliingiza mkono kwenye begi kutoa karatasi ya daktari. Shangazi akaushika mkono wangu, akauzuia humo humo.

Baba akazima redio. "Nani amekulazimisha kuja kusema haya?"

"Hakuna."

Taya za Baba zilikuwa zinacheza, nami nikajiandaa kwa kelele.

"Ng'ombe wangu anakula?" aliuliza.

"Anakula. Ameanza kulamba madini tangu Jumatatu. Ila usimtarajie awe mweusi kabla ya miezi mitano."

"Sikuuliza rangi, Dada," alisema Baba, akasogea pembeni kumpa nafasi kwenye kochi.