Pembe ya Shamba la Isongole

Baba alipokufa, kaka yake alimwambia mama kuwa sasa ni mke wake. Hakuuliza. Alitangaza tu, kama mtu anayetangaza mnada. Mama alikataa. Alifunga nguo zetu kwenye khanga, akanishika mkono, tukapanda kutoka Lupepo hadi kwenye baridi ya Isongole, ambako hatukuwa na ndugu. Baba mkubwa hakutuzuia. Alisema tu kwamba siku chakula kitakapotuishia, njia ya kurudi tunaijua.

Chakula tulikipata kwenye Torati. Sitanii. Tulipanga chumba karibu na shamba la viazi la mzee mmoja wa kanisa, mtu mrefu, mchache wa maneno, aliyesoma vitabu vya kale vya Wayahudi kama wengine wanavyosoma gazeti. Humo alikuta amri kwamba mtu asivune shamba lake hadi ukingoni. Pembe iachwe kwa maskini, mjane, yatima na mgeni. Sisi tulikuwa hao wote wanne kwa mpigo. Kila msimu vibarua wake walipofika kwenye mti wa mlingoti uliokuwa mwisho wa shamba, walisimamisha majembe, na kuanzia hapo matuta yalikuwa yetu.

Mzee alifundisha jambo hilo kanisani pia. Waumini waliitikia kwa vichwa, kisha wakaenda kuvuna mashamba yao mpaka kwenye nyasi. Yeye alikuwa na namna yake. Siku yetu ya kuchimba hakutia mguu shambani. Aliwahi kumwambia mama kuwa mwenye shamba akisimama pale, maskini atachimba huku anashukuru, na mtu anayeshukuru hachimbi vizuri. Mama alicheka. Isongole nilimsikia akicheka mara chache sana. Tulichimba kwa majembe yetu, tukabeba wenyewe, tukavitandaza viazi juu ya majani makavu chini ya kitanda. Vilitusogeza hadi msimu mwingine, na kwa kuwa tulivitoa udongoni kwa mikono yetu, sikuwahi kujiona ombaomba.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Tukuyu yalijaa sabuni na mitumba, nasi tulifurahi. Nani angeichukia sabuni? Lakini malori nayo yakapanda hadi Isongole. Wanunuzi wa mjini hawakutaka kuhangaika na gunia moja moja. Walinunua mavuno ya shamba zima viazi vikiwa bado ardhini, wakaja na vibarua wao. Mwaka huo mtoto wa mzee alilazwa, na hospitali, ambayo zamani ilitibu bure, sasa ilitaka fedha kwanza. Mzee akauza shamba lote kwa siku moja. Nimejaribu kumlaumu, imenishinda.

Alimwomba mnunuzi aiache pembe. Mnunuzi akamjibu hakuna shida mzee, akaondoka zake. Siku ya kuvuna hakuwepo. Alikuwepo msimamizi wake, kijana mpole tu, pamoja na vibarua waliolipwa kwa gunia, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kuacha hata kiazi kidogo kama gololi. Waliupita mlingoti bila kuutazama. Mama na mimi tulikuwa tumesimama barabarani na majembe yetu. Nilimwangalia mama usoni nikajua anahesabu nini: alikuwa anaiona njia ya Lupepo. Ndipo mzee akaja na fimbo yake, kwa mara ya kwanza katika siku yetu, akamweleza msimamizi habari ya amri ile, ya mjane na yatima. Kijana alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima zote.

"Mzee," akasema, "umeuza shamba, au umeuza katikati ya shamba?"

Torati ilimwambia mwenye shamba la kufanya, lakini haikumwambia afanye nini shamba likiwa lake na mavuno ya mtu mwingine. Magunia yalijazwa lumbesa, yakavimba kupita midomo yake, na pembe yetu ikapanda lori kwenda kuwa chipsi Dar es Salaam.

Jioni mzee alifika mlangoni kwetu na kikapu cha viazi alivyokuwa amejiwekea kwa mbegu. "Nilidhani nauza viazi tu, mwanangu," alimwambia mama. Mama alipiga goti, akakipokea kwa mikono miwili. "Ndaga, tata," akashukuru kwa Kinyakyusa, akarudia tena na tena, na mzee akageuza uso pembeni. Niliona aibu kwa ajili yetu sote watatu.

Kikapu kile hakikutufikisha mbali. Mashamba mengine nayo yalikwishauzwa vivyo hivyo. Mama aliomba kibarua kwenye malori, akaambiwa wanatafuta wanaume. Majirani walimkumbusha kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini, kana kwamba hilo alikuwa halijui, na kana kwamba wao walikuwa na kingine cha kumpa.

Tukarudi Lupepo kwa njia ile ile. Baba mkubwa hakutucheka. Afadhali angetucheka. Alimchinjia mama jogoo, akaita majirani, akamwita "mke wangu" mbele yao. Yeye, ambaye kanisani alionekana kwenye mazishi tu, akawaeleza wageni kuwa hata Torati imeagiza mtu amchukue mjane wa nduguye. Sehemu hiyo alikuwa ameishika vizuri. Kisha akasimama kuombea chakula, akamshukuru Mungu asiyewasahau wajane.

Mama alisema amina. Aliisema kwa sauti, kila mtu akasikia, halafu akainuka kumletea mumewe maji ya kunawa.