Yakuti Niliyoificha Kwenye Mkebe wa Githeri

Mkiniona nimeinamisha kichwa kanisani wakati wa matangazo, msidhani naomba. Ni kwamba Mzee Gitau, mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu, akisoma matangazo siku hizi anatoa mluzi katikati ya maneno, na kila mluzi ukitoka watu wa viti vya mbele wanageuka kunitazama mimi, kwa sababu lile jino lake lilivunjikia nyumbani kwangu hapa Riruta, kwenye sahani niliyoipakua kwa mkono wangu mwenyewe. Aibu hii ni yangu na sitaki kumgawia mtu yeyote, ingawa nilijaribu kumgawia mmoja, na hapo ndipo panaponiuma, lakini tutafika.

Mambo yalianza kwa sababu nilitaka kuwa mzee wa kanisa. Nilikuwa nimependekezwa mara mbili na mara mbili nikaachwa, mara ya pili nafasi yangu ikachukuliwa na mtu aliyekuwa ameshahama mtaa. Kazi yangu ni kwenye stoo ya duka la vipuri vya magari pale mjini, na mhasibu wetu ni Bhavesh, Mhindi mmoja mpole ambaye kidoleni ana pete yenye jiwe la manjano asiyoivua hata akila. Siku niliyomlalamikia habari za uzee wa kanisa, aliweka kalamu chini, akaniuliza nilizaliwa siku gani na saa ngapi (saa ikabidi nimpigie mama simu Vihiga, naye akasema ni wakati ng'ombe wanakamuliwa), akapiga hesabu zake, akatikisa kichwa.

"Jupiter yako iko chini sana, bwana. Hiyo ndiyo sayari ya heshima. Tafuta jiwe kama hii yangu, yakuti ya manjano. Lakini jiwe si shida. Shida ni mtu wa kukuuzia."

"Nitamjuaje?"

"Mwenye anakuahidi vitu, toka. Mwenye anakuonyesha kasoro ya jiwe yake kabla hujauliza, huyo kaa chini."

Sasa, mimi ni Mkristo, na nyote mnajua mtu akionekana kanisani kwetu na pete ya jiwe watu wanasema nini: ana majini, anafugwa na kitu baharini, watoto wasichukue peremende yake. Nilijitetea moyoni kwamba hata mamajusi walifuata nyota na wakafika kwa mtoto Yesu salama, na hakuna aliyewafukuza mlangoni. Hoja hiyo ilinitosha kabisa.

Basi saa ya chakula cha mchana nikawa nazunguka mjini kutafuta muuzaji mwaminifu. Wa kwanza alikuwa ghorofani, kwenye kijiduka alichogawana na mtu wa vifuniko vya simu, na kabla sijakaa alishaniahidi cheo, ushindi wa kesi na mke wangu kurudi. Mke wangu hakuwa ameenda popote, kesi sina. Mwingine alianza kwa maombi, nikaona huyu ni mwenzetu, nikafumba macho, na nilipoyafungua jiwe lilikuwa tayari limefungwa na mkono wake uko wazi mbele yangu. Wa Kenyatta Market aliniletea jiwe lake nikiwa katikati ya nyama choma, akalitoa kwenye soksi, na nilipolishika na vidole vyenye mafuta rangi ya manjano ikabaki kwangu, jiwe likabaki jeupe. Alisema hiyo ni nguvu yake inaniingia.

Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipoelekezwa kwa Mama Urmila, bibi mzee mwenye chumba kidogo juu ya maduka ya nguo, mezani ana taa, kioo cha kukuzia na chupa ya chai, basi.

"Unataka ya nini?" akaniuliza.

"Ya uongozi."

"Mimi siuzi uongozi. Nauza mawe." Akanitolea moja, manjano hafifu, ukubwa wa punje ya mahindi, akanipa kile kioo. "Angalia hapa ndani. Iko na ufa mdogo, kama unyoya. Wengine watakuficha. Lakini rangi ni yake, hata ukiichemsha haitoki."

Nikakaa chini, kama nilivyofundishwa. Akanieleza kwamba jiwe kama hilo halikimbiliwi kuwekwa kwenye pete, kwanza unalala nalo chini ya mto usiku tatu kuanzia Alhamisi (na hiyo ilikuwa Alhamisi), likikuletea mambo mabaya unalirudisha na hudaiwi kitu. Nikatoa kitambulisho nimwachie. Akakirudisha.

"Hii ni ya serikali. Niambie tu wewe ni mtu wa namna gani."

Sijui ulimi uliteleza vipi. "Mimi ni mzee wa kanisa," nikasema.

"Basi enda nayo."

Niseme hapa kwamba haukuwa uongo mkubwa, nilikuwa tu nimetangulia kidogo. Jina langu lilikuwa limependekezwa mara ya tatu, na kwetu ukipendekezwa wazee wanakuja kwako kula, waone unaishi vipi na mkeo kabla ya kukuidhinisha. Walikuwa wanakuja Jumamosi ile mchana. Mke wangu Wambui ni wa Waithaka, na githeri yake, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, inajulikana kuanzia Waithaka mpaka kwetu, kwa hivyo chakula hakikuwa na mjadala.

Usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa jiwe lililala chini ya mto wangu bila neno. Jumamosi asubuhi Wambui akaanza kuvua mashuka yote kwa sababu ya wageni. Nikalinyakua jiwe, nikaingia jikoni nalo mkononi, na pale mezani nikaona mkebe wa mahindi na maharagwe ambayo alikuwa ameyachambua jana yake jioni, punje kwa punje. Nikawaza haraka na nikawaza vibaya: mahali salama pa kuficha jiwe ni kwenye githeri iliyokwisha kuchambuliwa, maana hiyo hakuna mtu ataichambua tena, nami nitalitoa baadaye akiwa kwa kamba ya nguo. Nikalitoa kwenye karatasi yake (karatasi ingeonekana), nikalitumbukiza, likalala kati ya mahindi kama limezaliwa hapo. Wambui akaingia, akaniambia niende kwa jirani kuazima viti.

Jirani ni mtu wa hadithi. Niliporudi mkebe ulikuwa mtupu na sufuria iko kwenye jiko la makaa, inatokota.

Mimi hapo ningesema ukweli na mambo yangeishia jikoni kwangu. Badala yake nilichukua mwiko. Kila Wambui akitoka nilikoroga na kuchungulia, akirudi nilijifanya naonja, mpaka akaniuliza, "Baba Sharon, tangu lini ukapenda githeri hivi?" kwa sababu mimi mtu wa ugali huwa naila kwa heshima ya ndoa tu. Akaikaanga na vitunguu, nyanya na viazi, kila punje ikapata rangi ya nyanya, na hapo nikajua macho yangu hayatanisaidia tena. Nikala sahani mbili kubwa nikitafuna polepole, nikitumaini litakuwa kwangu. Halikuwa.

Wageni walipofika, Mzee Gitau na mkewe Mama Wairimu na wazee wengine wawili, nikatangaza kwamba leo nitapakua mimi. Nilipeleka kila sahani dirishani kwanza, nikaipekua kwa kijiko kwenye mwanga, ndipo nikaileta. Mzee Gitau alifurahi sana. Aliwaambia wenzake kwamba mwanamume anayehudumu nyumbani kwake namna hii ndiye mzee ambaye kanisa limekuwa likimtafuta, na wenzake wakaitikia. Nilikuwa nimefika, jamani. Nilikuwa mzee wa kanisa kwa karibu nusu sahani.

Kisha kukasikika kra, na Mzee Gitau akaacha kutafuna. Akaweka leso mdomoni, akatoa vitu viwili, akavipanga ukingoni mwa sahani: kipande cheupe na kipande cha manjano.

"Wambui," Mama Wairimu akasema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, "kwani hukuchambua?"

"Nilichambua, mama. Nilichambua mara mbili."

"Macho huchoka," akajibiwa.

Mama Wairimu na Wambui ni wa kijiji kimoja. Nilijua kufikia Jumatatu Waithaka yote itakuwa imesikia kwamba binti wa fulani amempikia mwenyekiti mawe. Wambui alisimama pale na kitambaa cha sahani mikononi, akaanza kuomba msamaha, akaomba tena. Mimi nilikuwa nimekaa. Nakiri kwamba kitu cha kwanza kuniingia akilini hakikuwa jino wala mke. Nilikuwa naliangalia lile jiwe. Lilikuwa limechemka asubuhi nzima, limekaangwa, limeumwa na mzee mwenye taya nzito, na rangi yake iko vilevile, halina hata mkwaruzo, nikawaza kwamba kweli Mama Urmila ni mtu mwaminifu.

Nikanyamaza. Wambui akaomba msamaha mara ya tatu, bado nikanyamaza.

Ndipo Mama Wairimu alipoliokota jiwe kwa vidole viwili, akanyoosha mkono dirishani alitupe kwenye mtaro.

"Usitupe!" Nilikuwa nimesimama. "Hiyo ni yakuti."

Mama Wairimu akalirudisha ukingoni mwa sahani.

"Ni nini?" Mzee Gitau akauliza ndani ya leso.

"Ni jiwe, mzee. Si la majini."

Hakuna aliyekuwa ametaja majini.

"Ni la nini sasa?"

"La nyota. Yaani la Jupita. Ni la kusaidia uongozi."

Mmoja wa wazee akaiondoa Biblia yake mezani, akaipakata.

"Na ulilitoa wapi?"

"Kwa mtu mwaminifu sana," nikasema, na ndilo neno pekee la kweli nililosema siku hiyo.

Walituombea. Waliombea nyumba, wakaombea sufuria, wakaniombea mimi kwa majina yangu yote, kisha Mzee Gitau akafunga jino lake kwenye leso na kusema kwamba habari ya jina langu watairudisha nyuma kidogo. Mpaka leo iko huko nyuma.

Walipoondoka Wambui aliosha vyombo. Nilichukua kitambaa nikawa nakausha. Akauliza, bila kunigeukia, "Kama hangetaka kuitupa, ungesema?"

"Ningesema."

"Sawa," akasema, akanipa sahani nyingine.

Jumatatu nilirudisha jiwe. Mama Urmila aliligeuza chini ya taa, akasema limerudi safi kuliko lilivyoenda, akauliza nililiweka wapi. Nikamweleza yote, hata kwamba mimi si mzee wa kanisa. Hakucheka. Alilifunga kwenye karatasi mpya.

"Hii imekukataa," akasema. "Lakini umerudisha. Siku ukitaka ingine, kuja na mke wako."

Sitataka nyingine. Nimeapa sitaficha tena chochote ndani ya nyumba yangu, na cheo kikinitaka kitanitafuta chenyewe. Wambui alinisamehe, au alisema hivyo, na siku hizi githeri ya nyumbani naichambua mimi. Ijumaa jioni navaa miwani, namwaga kila kitu kwenye sinia, napitia punje kwa punje mpaka mgongo unauma, kisha namwekea kwenye mkebe. Ananiambia asante. Halafu anawasha taa ya jikoni, anaimwaga tena kwenye sinia, na anaanza kuchambua upya.