Mama Aliyetafuta Mbingu ya Ijumaa

Najua mtaanza kucheka. Sisi Wahaya tunasemwa kwamba kila tunachosimulia lazima tukitie chumvi, na mara nyingi ni kweli. Kwa hili sijatia hata punje. Lilinipata mimi mwenyewe, Mkuyuni, hapa Mwanza, jua likiwaka, na sikuwa nimeonja hata tone la rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Ilikuwa miaka ile ya ruhusa, serikali ilipoachia biashara, kila mwenye chumba cha mbele kafungua biashara. Mimi nilifungua duka la kuchapa na kutoa fotokopi, nikiwa na kompyuta moja ya mtumba. Ndani ya kompyuta ile nilikuwa na programu ya mbingu. Ndiyo, mbingu! Mwalimu mmoja wa fizikia aliyekuwa akirudi kwao aliniachia kisanduku cha disketi, akasema aliyeitunga hataki malipo, anataka watu wainakili na kugawana. Ilikuja vipande vipande: disketi ya jua na mwezi, disketi ya sayari, disketi ya kupatwa kwa jua, na moja iliyochora ramani ya nyota. Ulikuwa unapachika kipande unachokihitaji, basi. Mwanza haikuwamo kwenye orodha yake ya miji, nikaiingiza kwa mkono wangu.

Mnajua dagaa huvuliwa gizani, kwa karabai. Mwezi ukiwaka, dagaa hawaijali taa ya mtu. Kwa hiyo nilichapa karatasi za giza, zinazoonyesha mwezi utazama saa ngapi kila usiku, nikawa nazipeleka mialoni, ufukweni mitumbwi inakoshusha samaki. Wavuvi walizipenda mno. Wakanipachika jina la Dada Nshomile, yaani msomi, nami sikukataa.

Sasa sikilizeni.

Jumanne moja ya Aprili, alasiri, aliingia dukani mama mmoja wa makamo. Mwembamba, macho yameingia ndani, miguu mitupu. Khanga zake zilikuwa zimelowa mpaka kiunoni, na siku hiyo mvua haikuwa imenyesha.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Wanasema una mashine ya mbingu."

"Ninayo."

Akakaa. "Nitafutie siku waliyopotea wanangu. Tarehe siijui. Mbingu yake naijua."

Ningefanyaje? Nilimhurumia. Nikamwambia anieleze. Akasema jua lilikuwa limezama upande wa Busisi, ng'ambo ya ziwa, mwezi mchanga umelala kama pembe za ng'ombe, Zuhura imekaa juu yake, na kando yao Kilimia, kile kishada cha nyota kinachojulikana na kila mkulima. Nikapachika disketi ya ramani, nikaanza kurudi nyuma. Mwaka jana, mwaka juzi, miaka kumi. Nikipata mwezi, Zuhura haipo. Nikipata Zuhura, mwezi umekuwa mkubwa mno. Yeye alikuwa akitikisa kichwa tu.

Nikachoka, nikabonyeza kitufe cha kwenda mbele ili nirudi leo nizime mashine. Siku zikakimbia, zikapita leo.

"Hapo!" akasema, akaweka kidole kwenye kioo. Kidole cha shahada, kimepinda kwenye kifundo. Kiliacha tone la maji.

Nikasoma tarehe. Nikaisoma tena.

"Mama, siku hii haijafika. Ni Ijumaa hii."

Mnadhani alishtuka? Alitabasamu, kama mtu aliyeambiwa kivuko hakijaondoka.

"Basi bado wapo," akasema. "Nenda mwaloni Kigongo, ukaniambie."

Nikafikiri huzuni imemvuruga maneno. Akatoka, nami nikabaki nafuta maji kwenye kiti. Niaminini, yalikuwa maji ya ziwa. Yalinuka dagaa.

Ijumaa nilikwenda Kigongo na karatasi zangu. Ningekwenda hata hivyo. Na wa kwanza kumwona mwaloni alikuwa yeye, anaanika dagaa mchangani. Amenenepa, anacheka, anawatania wenzake. Nikadhani nimemfananisha, mpaka nilipoona kidole. Wenzake walimwita Mama Kulwa. Pembeni yake vijana wawili wa sura moja, Kulwa na Doto, walikuwa wanajaza mafuta kwenye karabai.

"Shikamoo mama. Umenisahau? Jumanne ulikuwa kwangu Mkuyuni."

"Mimi? Mjini sijafika tangu Krismasi."

Nikasema yote, mbele ya watu. Kwamba alikuja peku, khanga zimelowa mpaka kiunoni, akaniuliza siku waliyopotea wanawe, na siku hiyo ni leo. Nikamshika mkono, nikamsihi asiwaruhusu waingie ziwani.

Kicheko kikakatika mwalo mzima. Mnajua Usukumani neno kama hilo linavyopokelewa? Mzee mmoja akauliza polepole, "Anayekijua kifo kabla hakijafika, kakijulia wapi?" Mama Kulwa akaunyakua mkono wake.

"Unanitabiria wanangu kifo? Toka hapa! Toka na uchawi wako wa Kihaya!"

Nikang'ang'ania. Nikawaambia vijana wenyewe. Kulwa, kijana mwenye adabu, alinisindikiza mpaka barabarani asije mtu akaniumiza.

"Dada, giza la leo ni zuri," akaniambia. "Karatasi yako mwenyewe ndiyo imesema."

Wakasukuma mtumbwi. Nilisimama pale nalia kama mtoto. Jua likazama upande wa Busisi. Mwezi ukaonekana umelala, Zuhura juu yake, Kilimia kando. Mbingu ile ile, nyota kwa nyota, kama nilivyoiona kwenye kioo.

Upepo ulikuja usiku. Asubuhi walikuta mtumbwi umepinduka na karabai moja inaelea. Vijana hawakuonekana, si siku ile, si baadaye.

Msidhani yameishia hapo.

Mwaka uliofuata, alasiri, Mama Kulwa aliingia dukani kwangu. Amekonda, macho yameingia ndani. Safari hii alivaa ndala, na khanga zake zilikuwa kavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wanasema una mashine ya mbingu."

Maneno yale yale. Akakaa kiti kile kile. "Nitafutie siku waliyopotea wanangu. Tarehe siijui. Mbingu yake naijua."

Safari hii sikutafuta. Nilirudi moja kwa moja kwenye Ijumaa ile. Akaweka kidole chake kilichopinda juu ya mwezi, na kioo kikabaki kikavu.

"Siku ile ulisema nilikuwa nimekwisha kuja kwako," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nimelowa."

"Mpaka kiunoni."

"Peku."

"Ndiyo."

Akazitazama khanga zake, akazitazama ndala. Uso ukamfunguka.

"Basi njia naijua," akasema, akainuka.

Mimi mjinga nilidhani anasema njia ya kwenda nyumbani, nikamwambia aende salama. Alikuwa ameshapotea barabarani akili iliponirudia. Nilikimbia mpaka stendi, nikapanda gari la kwanza, nikashuka Kigongo giza likiingia. Ndala zake zilikuwa ukingoni mwa maji, zimepangwa vizuri, kama za mtu aliyeingia kanisani.

Leo nina duka kubwa na kompyuta nyingi, ila programu ile sijaipachika tena, na kiti kile hakikaliwi na mtu. Watu huniambia maskini mama yule alikufa bure, akili zilimruka. La. Mama Kulwa alifika, ndugu zangu. Mimi ni shahidi kwamba alifika, Jumanne ile, kabla ya Ijumaa. Alinituma, nami nikaenda. Aliyenifukuza mwaloni alikuwa yeye mwenyewe.

Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Basi wewe unayenisikiliza, siku mgeni akija kukwambia neno zito juu ya wanao, hata kama anaonekana mwehu, hata kama linakuudhi, usimtoe mbio. Mkaribishe, mpe maji, msikilize mpaka mwisho. Huenda aliyemtuma ni wewe.