Katibu na Sufuria ya Presha

Katibu wa chama cha waandishi wa maelekezo ya vyombo, pale Plovdiv, Bulgaria, husoma kila sentensi kwa sauti, kidole chake kinene kikifuata mstari, na asipoelewa hucheka mpaka kahawa inamwagika. Desislava, mwandishi mwanachama, alipomweleza kwamba bosi wake anataka lile onyo la kutofungua sufuria ya presha yenye mvuke lifutwe kijitabuni, eti linatisha wateja, na akikataa kazi hana, katibu hakucheka. Alimpigia simu bosi huyo.

“Mkurugenzi, kaka yangu, njoo chamani nikupikie maharage. Ila mfuniko utaufungua wewe, mvuke ukiwa bado ndani, kama kijitabu chako kinavyotaka.”

Mkurugenzi akajibu: “Haya, onyo libaki. Na huyo binti abaki.”

Desislava alishusha pumzi. “Mama Katibu, kweli ungempikia?”

“Mimi? Hata yai sijui kuchemsha!”