Damu Ilipopita

Wodini walimwita Mama Shii, kwa jinsi alivyokuwa akiwanyamazisha wageni. Alikuwa muuguzi wa watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati.

Asubuhi moja mtoto mmoja alivuja damu kichwani. Mama yake akauliza, "Kwani alianguka?"

"Hajaanguka, mama. Mishipa ya ubongo wake bado michanga, imepasuka yenyewe."

"Yenyewe tu? Kwa nini?"

Mtoto alifariki siku ile ile, na swali likamganda muuguzi rohoni. Kwa hiyo profesa wa chuo cha jirani alipotangaza nafasi za utafiti kuhusu seli za mishipa ya damu katika ubongo unaokua, aliomba, akasailiwa, akapata.

Maabarani alikuta kimya cha aina nyingine. Watafiti wenzake, vijana wa umri wa wanawe kama angezaa, walivaa visikilizio masikioni tangu asubuhi na kuandikiana ujumbe wakiwa meza moja. Yeye alipewa chumba cha hadubini: giza, baridi ya kiyoyozi, sweta hata jua likiwaka nje. Kazi yake ilikuwa kutazama vijisamaki vichanga, miili yao ikipitisha mwanga kama kioo, seli za mishipa yao zikiwa zimetiwa rangi ya kung'aa, aone mishipa inavyochipua na kuingia ubongoni.

"Dada, leo umeokoa wangapi?" mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alimuuliza kwenye simu.

"Sijaokoa mtu. Nimetazama samaki."

"Samaki!" Akacheka mpaka akapaliwa.

Alasiri moja vichipukizi viwili vya mishipa vilivyokuwa vikitafutana tangu asubuhi vikagusana, vikaungana, pakafunguka mwanya, na damu ikapita.

"Haya, mwanangu, pita," akasema kwa sauti, kisha akageuka. Hakukuwa na mtu. Profesa alikuwa safarini, vijana wamekwenda kula.

Akavuka uwanja mpaka wodini, koti la maabara mwilini, awasimulie wauguzi wenzake wa zamani. Mlangoni muuguzi mgeni akamzuia kwa upole.

"Mama, muda wa kuwaona watoto umeisha. Una mtoto humu?"

"Hapana," akasema. "Sina."

Akarudi, akakaa kwenye ngazi za maabara na kumpigia mdogo wake. Kelele za karakana zilimeza maneno.

"Unasema nini kimepita?"

"Damu! Mshipa umefunguka!"

"Umeumia?"

"Sijaumia. Basi, tutaongea."

"Hapana, dada, usikate. Ngoja nizime mashine." Kelele zikafa. "Haya, anza mwanzo. Polepole lakini, mimi mtu wa vyuma."

Akamweleza. Mdogo wake akaguna, akauliza maswali mawili ya kijinga na moja zuri, mpaka mteja alipokuja kudai geti lake.

Profesa aliporudi aliitazama filamu ya siku ile iliyorekodiwa na hadubini mara mbili, akamwongezea mkataba. Mama Shii akatia sahihi, akashukuru, akafungua mlango wa chumba cha hadubini na kuufunga nyuma yake.