Mahali pa Jaa la Taka, Gurei

Nilitoka Eldoret kwa sababu kampuni moja iliyotaka kuchimba jaa la taka Gurei, magharibi mwa Juba, ilihitaji tathmini ya athari za kiafya kabla ya kupewa kibali. Hiyo ndiyo kazi yangu. Sikuelewa tu haraka yao ilikuwa ya nini.

Baada ya kuvuka mpaka wa Sudan Kusini pale Nimule, jirani yangu ndani ya basi, mfanyabiashara aliyekulia Uganda, alinisikia nikitaja Gurei. "Nani anakutuma?" akauliza. Nilipomjibu, akageukia dirisha.

Juba nilipokelewa na Lado, afisa wa kampuni aliyesomea Nakuru. "Usijali, bro. Watu wa Gurei washakubali."

Kesho yake alinipeleka nyumba alizochagua mwenyewe. Kila niliyemhoji alijibu, "Mradi utaleta kazi." Hata mzee mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani alisema hivyo, macho yake kwa Lado. Nikaanza kumshuku mwenyeji wangu.

Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha, nikachukua boda peke yangu hadi Gurei. Maji yalitiririka kutoka kiwanja kilichotengwa kwa jaa hadi kwenye kisima ambako muuza chai, Mama Keji, alikuwa akichota.

"Mama, haya ni ya kufulia?"

"Ya kunywa. Wewe iko mtu ya kampuni. Kesho tutasikia sisi tumekubali."

"Nitasema nilichoona kwenye mkutano wa Ijumaa, nawe ukiwepo."

Akajitwika ndoo yake, akaenda zake.

Ijumaa watu walikutana kanisani pamoja na afisa wa serikali. Lado alininong'oneza niseme athari ni ndogo. Nilisimama, nikasema uchafu wa jaa utaingia kisimani, na kwamba sikukutana na mtu aliyekubali kwa hiari yake. Mama Keji akamgeukia Lado. "Nyinyi mtakunywa hii maji?" Afisa wa serikali akasema kibali hakitatoka.

Nilipanda basi la kurudi bila wa kunisindikiza. Tulipofika Gulu, Uganda, Mama Keji, niliyemwachia namba yangu, akanipigia simu. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba jaa litahamishiwa mbele zaidi ya Gurei. Nilifurahi, nikampongeza.

"Huko mbele anaishi nani?" nikamuuliza.

"Mimi sijui. Hao hawakuja mkutano. Wewe hukuuliza kampuni?"

Sikuwa nimeuliza. Safari nzima nilimshuku Lado, wala sikujiuliza taka zikikataliwa Gurei zitaenda kwa nani. Nilishusha begi langu, nikaenda kukata tiketi ya kurudi Juba.