Pikipiki ya Baba na kiatu changu

Jamani, leo pikipiki imenirushia kiatu juu ya paa la jiko!

Ni ile ya Baba, ya enzi za Mwingereza. Nimerudi Msimbu baada ya miaka arobaini Bukoba, nikakuta mpwa wangu ameiahidi kwa watu wa vyuma chakavu.

Isipowaka leo, kesho wanaibeba.

Siku tatu nimesafisha platini zinazotoa cheche na kupanga taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kwa karatasi ya sigara, kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza. Cheche ya buluu, safi kabisa.

Nikapiga kiki. Ikanirudishia teke, kiatu kikaruka.

Dada Mwanahawa, aliyekuwa akikuna nazi, akacheka hadi kifuu kikamtoka mkononi.

"We Saidi, hicho kijimkono cha usukani umekirudisha nyuma?"

"Dada, na wewe unajua taimingi?"

"Sijui. Mimi nilikuwa nakaa juu ya tangi. Baba akisema rudisha, narudisha. Ikishawaka, akisema achia, naachia. Wewe ulikuwa bado mgongoni kwa mama."

Kumbe! Cheche ilikuwa inawahi mno, na kijimkono hicho ndicho cha kuichelewesha wakati wa kuwasha.

Akaja na mikono yake ya nazi, akakishika.

"Rudisha!"

Kiki moja. IKAWAKA! Kuku wote wakahama uwanja.

"Sema achia basi!" Dada akapiga kelele.

"Achia, Dada, achia!" Akaachia.

Mpwa amewapigia simu wale watu wasije. Sasa anataka kuiendesha yeye.

Nani Msimbu ana ngazi? Kiatu bado kiko juu.